Mtaji wa Sahani Nyeupe

Mwaka ule matajiri wa Filadelfia waligundua kwamba wanaipenda nchi yao. Waligundua ghafla, mara tu baada ya Uingereza kuwatoza ushuru wa chai, karatasi, rangi na vioo, na mapenzi yenyewe yalikuwa makali. Walikutana, wakatia sahihi mapatano ya kutonunua tena bidhaa za Uingereza mpaka ushuru uondolewe, wakapongezana, kisha wakarudi makwao kula chakula cha jioni katika sahani za Uingereza, kwa kuwa nyingine hawakuwa nazo.

Hapo ndipo Jabez Lunn, mfinyanzi, alipoingiwa na wazo. Jabez alifinyanga vyombo vyekundu vya kawaida: mabakuli ya maziwa, vyungu vya siagi, sahani za kuokea pai, na vile vyungu vya chini ya kitanda ambavyo hakuna mzalendo anayevitaja lakini wote wanavinunua. Mkewe Tacy aliviuza dukani, mbele ya nyumba yao. Nyumba, duka, ua na tanuri, vyote vilikuwa vya Tacy. Marehemu baba yake, mfinyanzi pia, alimwandikia binti yake mali hiyo yote kabla hajakata roho, akisema mkwewe ni mtu mwema sana ila anaona mbali mno, mpaka haoni anapokanyaga.

"Sahani nyeupe," alisema Jabez asubuhi moja, kijiko cha uji wa mahindi kikiwa hewani. "Watu wanataka sahani nyeupe na Waingereza hawaleti. Udongo mweupe uko hapa hapa, ukishuka kidogo na mto. Nikijenga tanuri la pili na kinu cha kusagia, hakuna meza katika jimbo hili itakayokosa jina langu mgongoni mwa sahani."

"Jina la nani?" aliuliza Bi Mehetabel, mama yake Tacy, aliyekuwa akila pembeni mwa meko.

"Letu, mama. Jina letu."

"Ahaa. Nilidhani masikio yananidanganya, mkwe wangu."

"Na mtaji?" aliuliza Tacy.

"Njia itafunguka."

Kwa watu wa dini yao, waliojiita Marafiki, hayo hayakuwa maneno ya mzaha. Rafiki hakurupuki. Hukaa kimya akangoja mpaka Mungu amwonyeshe kwamba njia imefunguka, ndipo anyanyue mguu. Tacy aliliamini jambo hilo tangu utotoni na alikuwa bado analiamini. Ila kwa miaka aliyoishi na Jabez alikuwa ameona kwamba njia za mumewe hufunguka zaidi pale anapozisukuma kwa bega.

*

Mkahawa wa wafanyabiashara ulijaa moshi wa tumbaku na uzalendo. Wanawake hawakuingia, kwa hiyo Tacy alisimama mlangoni na kapu la sahani zilizolazwa kwenye majani makavu, akichungulia.

"Kofia, mzee," mtumishi alimwambia Jabez.

"Iko kichwani, asante," Jabez alimjibu kwa upole.

Marafiki hawamvulii kofia binadamu yeyote, hata gavana, wala hawamwiti mtu bwana, kwa sababu Bwana ni mmoja. Imani nzuri sana, hasa kwa mtu ambaye hajaenda kuomba pesa.

"Mwacheni," alisema tajiri mmoja mnene. "Angalau kofia yenyewe imeshonwa hapa hapa nchini." Wakacheka, wakamruhusu aseme.

Jabez akaeleza. Hisa zingekuwa za pauni kumi kumi. Zikinunuliwa hisa ishirini, tanuri lingejengwa kabla ya majira ya baridi. Akawapa sahani ya mfano. Aliichoma katika tanuri la vyombo vyekundu, ndiyo maana weupe wake ulikuwa wa meno ya mvuta tumbaku, lakini ilikuwa nyembamba, na ukiigonga kwa ukucha ilitoa mlio mzuri. Tacy alijua jinsi mumewe alivyohangaika nayo, akajikuta ameushika mkono wa kapu kwa nguvu.

"Ajabu!" alisema wa kwanza kuishika. "Utadhani ya Uingereza."

"Ya Uingereza iliyougua," mwenzake alimnong'oneza, kwa sauti ya kutosha meza tatu. Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye visahani vyao, visahani vizuri vya maua ya buluu vilivyovuka bahari.

Kuhusu pesa, hapakuwa na aliyekataa. Tajiri mnene alisema atanunua hisa mara tu jirani yake atakaponunua. Jirani yake alisema anamsubiri shemeji yake, na shemeji yake alikuwa safarini Barbados. Wa tatu alisema mtaji hana kwa sasa, lakini yuko tayari kutoa hotuba, na kweli akaitoa, yote, kuhusu udongo wa mababu, ingawa mababu zake walizikwa Bristol, Uingereza. Alipomaliza watu walipiga makofi. Sahani ya Jabez ilipomrudia, mtu alikuwa ameshakung'uta jivu la kiko ndani yake.

"Si haba, imepata kazi," alisema Tacy mlangoni, akaipangusa kwa aproni.

"Walipiga makofi, Tacy."

"Nilisikia. Nikahesabu. Hayafiki hata shilingi moja."

Walikuwa wameshaanza kuondoka wakati mwanamume mrefu mwenye koti la rangi ya zambarau alipowafuata nje akihema. Huyu alikuwa Lambert Quill, mfanyabiashara aliyekuwa na maghala mawili na aliyetaka la tatu.

"Samahani," alisema. "Kiwanja kile cha kona, karibu na gati, si ndicho chako?"

"Ni cha mke wangu," alisema Jabez, ambaye hajui kusema uongo.

"Ooh, vizuri. Vizuri sana." Bwana Quill alimtazama Tacy kwa mara ya kwanza, akamwinamia. "Na hizo sahani pia, nzuri sana. Nitapita kesho tuzungumze."

*

Habari ziliwafikia Marafiki kabla Jabez hajafika nyumbani. Marafiki walikuwa na kamati kwa kila jambo na kamati nyingine kwa mambo ambayo hayajatokea, na kanuni yao ilikuwa wazi: Rafiki asijitose katika biashara inayozidi nguvu zake. Akishindwa kulipa madeni, Mkutano, yaani jumuiya yao ya ibada, unamfuta uanachama. Basi siku iliyofuata walikuja wazee wawili kumwonya Jabez: Obadiah Strake, mwenye nyusi nene, na mwenzake Enoki Dell, ambaye sifa yake kubwa ilikuwa kunyamaza.

Kama desturi, kabla ya neno lolote walikaa wote sebuleni kimya, wamngoje Mungu. Jabez alifumba macho. Bi Mehetabel aliacha kufuma. Tacy alikuwa ameanza kutulia moyoni hodi iliposikika. Bi Mehetabel akaenda, akamfungulia Bwana Quill.

"Ingia ukae," alimnong'oneza. "Tumeshaanza."

Bwana Quill hakuuliza wameanza nini. Aliona meza imezungukwa na watu waliovaa kijivu, wanaume watatu wamevaa kofia ndani ya nyumba, nyuso kavu, hakuna hata anayemkaribisha kwa kichwa. Akajua amekutana na wafanyabiashara. Akakaa, akavua kofia yake mwenyewe, akakohoa.

"Nitakuwa mfupi," alisema. "Pauni mia mbili. Dhamana yangu tanuri na vyombo, na faida tugawane nusu kwa nusu."

Kimya.

"Naona mnafikiri. Ni haki yenu." Alipangusa paji la uso. "Ninyi watu hamna papara, nimeambiwa hivyo. Basi, faida nichukue theluthi. Theluthi moja! Siwezi kushuka zaidi ya hapo."

Obadiah Strake alishusha pumzi ndefu kutoka rohoni. Kwa Bwana Quill pumzi hiyo ilikuwa ya dharau.

"Robo," alisema haraka.

Tacy aliuma mdomo. Angeweza kumwambia. Neno moja tu lingetosha: rafiki, tunasali. Hakulisema. Alikuwa amesimama mlangoni pa mkahawa na kapu huku mumewe akifanywa kichekesho, na sasa tajiri mmoja alikuwa anatokwa jasho mbele yake bila kuguswa na mtu. Alitamani kucheka mpaka mbavu zikamuuma. Bi Mehetabel naye alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yakimtikisika kidogo, na si kwa ajili ya sala.

"Mnanimaliza," alisema Bwana Quill. Alimgeukia Enoki Dell, aliyeonekana kuwa ndiye mgumu kuliko wote, maana alikuwa amesinzia. "Wewe mzee, naona ndiye mwenye neno la mwisho. Haya. Mia tatu! Robo ya faida na pauni mia tatu taslimu. Lakini kwa pesa hizo, mtanielewa, tanuri halitoshi. Nitahitaji nyumba na kiwanja viwe rehani, na deni lirudi lote baada ya mwaka."

Kicheko kikamwisha Tacy. Akawatazama wengine, akingoja mtu aseme kitu, lakini huo haukuwa wakati wa kusema. Wala yeye, aliyejinyima neno moja wakati lilipokuwa rahisi, hakulipata sasa.

Obadiah Strake akafumbua macho, akamgeukia Enoki, akampa mkono. Hivyo ndivyo Marafiki wanavyofunga ukimya wao: wazee hupeana mikono na kila mtu anajua ibada imekwisha. Bwana Quill naye alijua kupeana mikono kunafunga nini. Akaruka kitini, akamshika mkono Obadiah, akamshika Enoki, akamshika Jabez kwa mikono miwili, akamshika hata Bi Mehetabel.

"Mmeniweza!" alisema akicheka kwa nafuu. "Nimefanya biashara na watu wa Boston, nimefanya na Wadachi, sijapata kukutana na watu wagumu hivi. Hati zitakuwa tayari wiki hii."

Alipotoka, Obadiah alibaki ameduwaa. Yeye alikuja kumzuia Jabez. Alikuwa na onyo zima tumboni, pamoja na aya zake.

"Nimeketi katika Mikutano mingi," alisema polepole, "lakini sijapata kuona mtu wa nje akiguswa hivi. Ukimya wetu ulimlainisha mpaka akawa anatoa mali yake. Jabez, mimi nani nikuzuie?"

"Njia imefunguka," alisema Jabez, machozi yakimlengalenga.

Enoki Dell, aliyekuwa ameamka hivi punde, alitikisa kichwa kukubali.

*

"Hakuguswa," alisema Tacy. "Alidhani tunamkazia bei."

Walikuwa karakanani. Jabez alikuwa kwenye gurudumu, akivuta ukuta wa chungu cha siagi, na udongo ulimtii bila shida. Mikono ile ndiyo iliyomfanya Tacy aolewe naye. Mtu mwenye mikono mipole namna ile, aliwaza enzi hizo, hawezi kunidhuru. Na kweli hakuwa na nia hiyo hata siku moja.

"Mungu anaweza kutumia hata hilo," alisema Jabez.

"Amekuja mara mbili hapa tangu siku ile. Hajauliza tanuri linakula kuni kiasi gani. Hajagusa udongo. Amepima kwa hatua kutoka mlangoni mpaka gati."

"Mfanyabiashara lazima ajue gati lilipo."

"Jabez, anataka ghala. Anangoja tushindwe."

"Basi tusishindwe." Alimtazama akatabasamu, na tabasamu lenyewe lilikuwa la mtu ambaye hajalala vizuri kwa furaha. "Nimeagiza udongo mweupe. Mashua nzima."

"Mashua nzima! Kwa pesa gani?"

"Kwa neno langu. Wanalijua neno langu."

"Na ushuru ukiondolewa? Meli za Uingereza zikirudi na sahani zao, nani atanunua hizi zetu zenye homa ya manjano?"

"Watu wametia sahihi, Tacy. Wameahidi mbele ya mji mzima."

"Walitia sahihi kwa wino wa Uingereza."

Jabez akacheka mpaka chungu kikapinda. Ndiyo ilikuwa balaa ya Tacy. Alisema kweli siku zote, lakini aliisema kwa utani, na mumewe aliupenda utani wake kuliko mtu yeyote mjini. Aliusikiliza, akaufurahia, akaendelea na lake.

"Ulimi wako huo!" alisema akipangusa macho kwa kiwiko. "Keshokutwa asubuhi tunakwenda kwa hakimu. Inabidi nawe utie sahihi, kwa kuwa kiwanja ni chako. Vaa ile nguo yako ya kijivu."

Nguo zote za Tacy zilikuwa za kijivu.

Alimkuta mama yake jikoni akimenya tufaha kwa ajili ya pai, ganda likining'inia refu bila kukatika.

"Mimi nitalala wapi?" aliuliza Bi Mehetabel bila kuinua kichwa.

"Hatutashindwa, mama. Jabez anasema hatutashindwa."

"Sikuuliza hilo. Nimeuliza nitalala wapi."

Tacy akachukua kisu akamsaidia kumenya. Kumkatalia Jabez mbele ya watu, baada ya wazee kumbariki, ilikuwa kumvua nguo sokoni, naye alimpenda. Siku ilipofika alikuwa ameshapiga moyo konde. Neno lenyewe lilikuwa fupi, aliwaza. Angesema ndiyo, mambo yaishe.

*

Sheria ya jimbo lile ilikuwa nzuri ajabu. Mali aliyorithi mwanamke haikuwekwa rehani mpaka hakimu amchukue kando, mlango ufungwe, mumewe asisikie, kisha amuulize kama anatia sahihi kwa hiari yake. Sheria ilimjali mwanamke kiasi hicho, na haikuwahi kumchelewesha mtu chakula cha mchana.

Hakimu Prewitt alikuwa mzee mwekundu wa uso, na nyama yake ilikuwa ikiokwa chumba cha nyuma. Harufu ilijaa ofisi nzima. Aliwaacha Jabez na Bwana Quill ukumbini, akamwingiza Tacy, akafunga mlango kwa kisigino.

"Utaapa?"

"Hatuapi."

"Najua hamwapi. Lazima niulize." Akavuta kiti. "Ninyi msioapa mnanichosha kuliko wale wanaoapa uongo. Basi utasema kweli tu?"

"Ndiyo sababu hatuapi. Tunasema kweli siku zote."

"Haya, haya. Umesomewa hati ukaielewa?"

"Nimeielewa. Mwaka ukipita na pesa hazijarudi, nyumba inakuwa ya Lambert Quill."

"Ya Bwana Quill."

"Ya Lambert Quill," alisema Tacy.

Hakimu akapitisha hilo. "Je, unatia sahihi kwa hiari yako mwenyewe, pasipo vitisho wala shinikizo la mume wako?" aliuliza, na maneno yalimtoka yakiwa yameshikana yote, huku mkono mwingine ukimsogezea kalamu.

Tacy akaitazama karatasi. Chini ya hati palikuwa pameandikwa kwamba leo hii Tacy, mke wa Jabez Lunn, akiwa amehojiwa kando na mumewe, amekiri kwamba anafanya haya kwa hiari yake kamili. Mwandiko ulikuwa wa hakimu. Aligusa kwa kidole. Wino ulikuwa umeshakauka. Alikuwa amekiri tangu asubuhi, pengine tangu jana, wakati yeye akimenya tufaha.

Alikuja na ndiyo yake mdomoni. Aliibeba njia nzima, akipishana na mikokoteni, akiinamisha kichwa upepo usimpeperushie kofia. Lakini swali lilikuwa limeulizwa, hata kama muulizaji alikuwa anasikiliza nyama yake. Hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza tangu jambo hili lianze: wala Jabez, wala wazee, wala Bwana Quill na mikono yake miwili. Na alikuwa ametoka kusema kwamba yeye husema kweli siku zote.

"Hapana," alisema.

"Hapana nini?"

"Hapana, si kwa hiari yangu."

Hakimu aliweka kalamu chini. "Mama, watu hawajibu hivyo."

"Wanajibuje?"

"Wanasema ndiyo! Miaka yote hii wanasema ndiyo, wanatia sahihi, wanakwenda zao." Akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Amekupiga?"

"Jabez? Hata panya wa ghalani anawafungulia mlango."

"Amekutisha?"

"Hapana."

"Amekunyima chakula, amekufukuza, amekutukana?"

"Hapana, hapana, hapana."

"Basi ni hiari."

"Si hiari."

"Ni kitu gani basi?"

"Wewe ndiye msomi wa sheria," alisema Tacy. "Mimi sijui kinaitwaje. Najua tu kwamba sitaki, na sijaulizwa, na mama yangu hana pa kulala."

Hakimu alifungua mlango kwa hasira, akawaita wanaume wawili. Bwana Quill aliingia akiwa ameshatoa mfuko wa pesa. Jabez aliingia nyuma yake, kofia kichwani, uso uking'aa kama wa mtu anayekwenda kuoa.

"Mkeo amekataa," alisema hakimu. "Nieleze, Bwana Lunn, ili nami nielewe. Umemlazimisha?"

"Hapana!" alisema Bwana Quill. "Mimi nilikuwepo. Walikaa wote mezani, pamoja na bibi. Tulipeana mikono!"

"Sikukuuliza wewe."

Jabez alimtazama Tacy. Ule mng'ao ulimtoka usoni kidogo kidogo, akabaki mtu mzima mwenye udongo kwenye kucha. Alikuwa amefungua mdomo kusema hapana, na ingekuwa kweli, na pengine ingetosha. Lakini hakusema. Alisimama akifikiri mpaka Bwana Quill akaanza kupangusa paji la uso, akidhani yameanza tena yale ya sebuleni.

"Sikumlazimisha," alisema Jabez hatimaye. "Sikumuuliza."

"Basi muulize sasa," alisema hakimu. "Nyama yangu inaungua."

Hapakuwa mahali pa kuulizana. Karani alikuwa amechungulia, na nje kulikuwa na watu wawili wakingojea zamu yao, nao walikuwa wameacha kuzungumza ili wasikie vizuri.

"Tacy," alisema. "Unataka?"

Tacy aliona jinsi mumewe alivyotamani ajibu ndiyo. Aliona tanuri la pili ndani ya macho yale, na kinu, na sahani nyeupe zimepangwa safu mpaka darini. Laiti ingekuwa tabu yake mwenyewe tu angempa, angempa hata bila kuombwa.

"Hapana, Jabez," alisema. "Sitaki."

Bwana Quill aliurudisha mfuko wake kotini. Alisema amesikitika, amesikitika kwa ajili ya nchi. Hakimu alichana karatasi, si kwa ubaya, ila kwa kuwa alikuwa ameshaijaza na sasa haifai kwa mwingine.

*

Njiani kurudi, pale mkahawani, yule tajiri mnene alikuwa amesimama mlangoni akichokonoa meno.

"Bwana sahani nyeupe!" aliita. "Lini tunakula?"

Jabez alimwitikia kwa kichwa, kwa heshima ile ile anayompa kila mtu, wakapita. Tacy aliona aibu mpaka masikioni, na hakuwa na uhakika ni aibu ya nani.

Uani walikuta mashua imeshaleta mzigo. Udongo mweupe ulikuwa umemwagwa kando ya tanuri, rundo refu kuliko mtu, na mwenye mashua alikuwa ameacha salamu kwamba atarudi kuchukua pesa zake. Bi Mehetabel alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Tumeuza?"

"Hatujauza, mama."

"Basi mbona mna nyuso za watu waliotoka kuzika?"

Akawatazama tena mmoja mmoja, na kwa kuwa hakuwa mjinga, alirudi ndani akafunga mlango taratibu.

Jabez alikaa kwenye ubao wa kukaushia vyombo. Alichukua bonge la udongo mweupe, akalifinyanga kidogo kiganjani, akalinusa. Kuulipia udongo ule kungekula vyungu vyote vya majira ya baridi, vya siagi na vya chini ya kitanda, na hilo wote wawili walilijua bila kulisema.

"Udongo huu," alisema. "Tuufanyeje, Tacy?"

Tacy alikuwa na jibu tayari. Lilikuwa limeshafika kwenye ncha ya ulimi, kali na la kuchekesha, kuhusu wazalendo na hotuba na mahali pa kuumwaga. Akamtazama mumewe, akaona kwamba hakuwa anamtania wala hakuwa amekwisha kata shauri. Alikuwa anauliza. Alikuwa ameinua uso akimngoja, na macho yake yalikuwa mekundu.

Jibu likamtoka kichwani.

"Sijui," alisema, na machozi yaliyomkosa kwa hakimu yakamjia hapo, uani, mbele ya rundo la udongo. "Sijui, Jabez. Sijafikiria. Nipe mpaka kesho."

"Haya," alisema Jabez. Akasogea kwenye ubao, akapangusa vumbi kwa mkono wa koti lake, akampisha akae.